Jogoo wa Mama Mkwe na Nzi wa Ng'ambo

Mzee aliyenifundisha kufunga nzi aliingia dukani kwangu Rahaleo akitafuta uzi mwembamba, na nilimdharau kabla hajamaliza kuutaja. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, madira, suruali za watu wa ofisini, na mtu akiniambia anataka uzi mwembamba kuliko wote nilio nao, kwa kawaida hajui anachotaka. Nikamtolea wa kudarizi. Akauvuta, akauinua kwenye mwanga, akauzungusha kidoleni, kisha akauliza kama sina vipande vya manyoya. Nilikuwa nalo koti moja la mitumba, la mwanamke wa nchi ya baridi, lenye manyoya shingoni, ambalo hakuna mtu wa Mtwara angelivaa hata kwa kubembelezwa. Nikamuuliza manyoya ni ya nini. Akasema anatengeneza nzi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Yeye hakurudia. Alitoa mfukoni jiliwa dogo, akalibana kwenye ukingo wa meza yangu ya kukatia, akaitia ndoana kwenye meno yake, akaanza kuizungushia uzi. Aliongeza unyoya, akaongeza nyuzi mbili za kung'aa, akachomoa nywele chache kwenye lile koti. Kabla chai yangu haijapoa, kitu kilikuwa kimekamilika pale, kina kichwa, tumbo na mkia. Akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ninayonyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akakivuta taratibu. Kilitapatapa kama kidagaa kilichopotezana na wenzake. Nilirudi nyuma hatua moja.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimeshona vitu vya kweli: nguo ya kuvaliwa, mfuko wa kutiwa kitu, kifungo cha kufungwa. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza kukiona kilichoshonwa ili kidanganye samaki. Na mimi, ni vizuri niseme mapema, tangu utotoni nilikuwa na kipaji cha uongo ambacho kilikuwa hakijapata ajira.

Mzee alikuwa mtu wa nyanda za juu. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, ambako kuna vijito vya maji baridi na samaki wa kupandikizwa wanaovuliwa na mabosi kwa starehe. Alianza kwa kuwabebea fimbo za kuvulia, akaishia kuwafungia nzi na kuwarekebisha mkono. Alipostaafu alimfuata mkewe nyumbani kwao Mikindani, akakuta bahari. Mwaka mzima aliiangalia tu. Halafu siku moja alirusha nzi wake pale mbele ya nyumba, akavuta changu mmoja, akagundua kwamba samaki wa maji ya chumvi naye hudanganyika. Ndipo akaanzisha chama.

Chama kilikuwa na jina refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Mji mzima ulituita chama cha nzi. Kiongozi mmoja wa mtaa alikuja kutupongeza, akatuomba tuanzie na jalala la karibu na soko. Tulikuwa watu saba au wanane, kutegemea mvua, lakini tuliokuwa hatukosi ni wanne: mzee mwenyewe, mimi, muuguzi mmoja mwanamke ambaye tulielewana tangu siku ya kwanza, na karani mmoja wa mambo ya meli.

Huyo karani nitamsema kwa haki, kwa sababu nilimkosea. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alirusha mshipi vizuri kuliko sisi sote. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa haamini kitu chochote kilichotengenezwa mahali anapopajua. Nzi wake wote waliagizwa ng'ambo, wakaja kwenye vikasha vyenye vyumba vyumba, na kila Jumamosi alivifungua mezani polepole, kama mtu anayefunua chakula cha wageni.

Kufunga nilijua haraka. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea uzi, na wiki ya tatu mzee aliacha kunisahihisha, akaanza kuniuliza. Kurusha ndiko kulikonishinda. Mazoezi tuliyafanyia kwenye uwanja wa mpira, kwenye nyasi, na kipande cha sufu nyekundu mahali pa ndoana. Mzee alisema siri ni moja: ukirudisha fimbo nyuma, isimamishe usawa wa sikio, na usubiri. Mshipi unapita juu ya kichwa, unaenda kujinyoosha nyuma yako, na kabla haujanyooka huruhusiwi kuurudisha mbele. Mimi sikuwahi kusubiri kitu. Cherehani haisubiri. Nilirudisha mbele kabla ya wakati, na mshipi wote ukanishukia kichwani na mabegani kama tambi. Akaniwekea kipande cha kanga chini ya kwapa, akasema kikianguka nianze upya. Alasiri moja kilianguka mara nyingi hata kikapata rangi ya uwanja.

Watu walikuwa wanapita wakisimama. Kila aliyeuliza tunavua nini kwenye nyasi alijibiwa na muuguzi, kwa sauti ileile anayowaambia wagonjwa wameze dawa baada ya kula, kwamba tunavua panzi wakubwa. Wengi walitikisa kichwa kwa heshima na kwenda zao. Mama mmoja aliuliza wanaliwaje.

Mara ya kwanza kupewa ndoana ya kweli ilikuwa Mikindani, ukingoni mwa maji. Nyuma yetu, upande wa barabara, wazee watatu walikuwa wamekaa barazani na vikombe vya kahawa. Nilisimama, nikakumbuka kwapa, nikakumbuka sikio, nikarudisha fimbo nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani nikasubiri. Kisha nikarusha mbele kwa nguvu zangu zote. Mshipi ulitoka mzuri, mrefu, umenyooka, na mwishoni mwake ilikuwa inaruka kofia ya mmoja wa wale wazee, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, ya kazi kubwa. Ilitua majini kwa utulivu. Mzee yule alijipapasa kichwa, akaangalia bahari, akaniangalia mimi. Nilikwenda kumpigia magoti nikaomba radhi. Akaniambia hakuna neno, mwanangu, irushe tena uilete. Nikajaribu mara sita na sikuipata. Muuguzi alipandisha gauni, akaingia majini akaileta. Tangu siku hiyo yule mzee akiniona na fimbo huishika kofia yake kwa mkono mmoja, na kahawa hunywa kwa mkono wa pili.

Mzee wa chai, mwalimu wetu, alisema kurusha kwenyewe kulikuwa kuzuri.

Mambo ya jogoo yalianza pale mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mpapura. Korosho zilikuwa zimeshauzwa, goti linamsumbua, na mume wangu akataka akae nasi mpaka kliniki imalizike. Alishuka kwenye basi na kapu la muhogo mkavu mkono mmoja, na jogoo mkono wa pili. Alisema jogoo huyo hakuweza kumwachia mtu. Nilipomwona nilielewa. Alikuwa mwekundu wa kuungua, mwenye shingo ya dhahabu inayomwagika mpaka mabegani, manyoya marefu, membamba, yenye kunesa, yale hasa ambayo mwalimu alituambia hayapatikani Mtwara. Nilimpokea mama mkwe kwa shikamoo, nikampokea jogoo kwa mikono miwili, na shetani alikuwa ameshakaa kwenye kochi.

Mwanzoni niliokota yaliyodondoka. Huo ni ukweli. Halafu nikaona kwamba yanayodondoka si yale mazuri. Basi mama mkwe alipokuwa anaswali alasiri, nami siku hizo nikiwa na udhuru wangu, nilimwita jogoo kwa punje za mchele, nikamkumbatia kama mtoto, nikachomoa moja. Alilalamika kidogo. Kesho yake mbili. Jogoo alikuwa mjinga kwa mchele, akarudi kila siku, na mimi nilikuwa mjinga kwa manyoya, nikamngoja kila siku. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na mtu wa maneno machache, alinikuta siku moja uani nikiwa nimempakata. Alisimama kidogo, akasema, "Jogoo huyu akija kusema, mimi sikuwepo." Akaingia ndani.

Baada ya majuma matatu shingo ya jogoo ilianza kuonyesha ngozi. Mama mkwe alisema ni maji ya mjini. Akamtilia mwarobaini kwenye maji, akampaka mafuta ya nazi shingoni, akamhamishia jikoni usiku asipigwe na baridi. Mtaalamu wa mifugo aliyekuja kwa jirani aliitwa, akamgeuza geuza, akasema haoni ugonjwa, huenda ni mawazo. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona kola ileile mara ya tatu. Nilijisikia vibaya, sitasema uongo, na nilipumzika siku nne nzima bila kumgusa.

Kilichonirudisha ni karani. Jumamosi moja nilileta nzi niliyemfunga kwa manyoya yale ya dhahabu, na kichwa cheusi nilichokipaka lakeri ya kung'aa tabaka tatu. Mwalimu alimshika kwenye mwanga, akampitisha kwa wengine. Alipofika kwa karani, karani akamgeuza, akatabasamu kwa huruma, akasema, "Si mbaya, fundi. Kwa nzi wa kienyeji si mbaya hata kidogo." Akamrudisha mezani, akafungua kikasha chake.

Kuku wa kienyeji watu wanamtafuta kwa foleni, lakini nzi wa kienyeji ni tusi. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani, na usiku sikulala nalo vizuri.

Juma lililofuata nilifunga nzi mwingine. Nilichukua manyoya matatu ya jogoo, ya katikati kabisa, nikachanganya na yale ya koti la mwanamke wa nchi ya baridi, nikamwekea macho mawili ya shanga kutoka kwenye gauni la bibi harusi lililokuja kupunguzwa. Sikuwahi kufunga kitu kizuri namna ile. Nikamlaza ndani ya kikasha cha plastiki, kile ambamo huja vifungo vya suti. Halafu nikafumua kwa wembe ile lebo ya ndani ya koti, ya kitambaa, yenye maneno ya lugha nisiyoijua, herufi zenye nukta mbili juu na vipete, nikaibandika juu ya kikasha. Ilikaa kana kwamba ilizaliwa pale.

Jumamosi nilimpa karani mbele ya wote. Nilimwambia kuna mgeni alikuja kwangu kupunguziwa suruali, akaona fimbo yangu imesimama ukutani, tukaongea, akaniachia zawadi hii. Lakini mimi mkono wangu bado, nzi wa daraja hili ni haki apate mtu anayejua kurusha. Uongo ukiwa na suruali ndani yake huaminika, nimeligundua hilo kwenye kazi yangu. Karani alikipokea kikasha kwa vidole viwili. Alijaribu kusoma lebo kwa sauti, akakwama, akajaribu tena. Akatuonyesha kichwa kilivyofungwa, jinsi uzi ulivyolala bila kupandana. Akasema kazi kama hii inahitaji shule. Mwalimu aliinama kuangalia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alipoinuka alisema tu kwamba aliyemfunga ana mkono mwepesi, na akaniomba nimpitishie chai.

Muuguzi alikuwa amekwisha elewa kila kitu. Alinifinya pajani mpaka nikapata alama.

Tulikwenda mdomoni mwa Ruvuma mwezi uliofuata, na vibali vyetu vikiwa kwenye mfuko wa karani, katika bahasha. Gari lilituchukua alfajiri, tukapita Madimba tukiwa bado tunapiga miayo, tukaingia njia ya mchanga mpaka Msimbati. Mwenye mashua alikuwa anatungoja, mtu wa makamo, mwembamba, aliyeangalia fimbo zetu nyembamba na kuuliza zile za kweli ziko wapi. Alitupeleka kusini taratibu, akatuingiza kwenye mikono ya maji kati ya mikoko, mahali ambapo maji ya mto ya rangi ya chai ya maziwa yanakutana na ya bahari. Alituonya mambo mawili: tusitumbukize mikono, kwa sababu mamba hushuka na mto mpaka pale, na tusitaje samaki mkubwa kabla hajaonekana.

Maji yalikuwa yanapwa. Vidagaa vilikuwa vinakokotwa kutoka kwenye mizizi, na mara kwa mara maji yalipasuka kwa kishindo na vidagaa vikaruka kama mtu kamwaga misumari. Sote tulirusha. Mimi nilinasa mkoko, nikanasa mashua, nikanasa mkoko mwingine. Karani alisimama mbele, akafungua kile kikasha cha vifungo, akamtoa nzi wangu, akamfunga kwenye nailoni yake bila haraka.

Alirusha mara moja tu. Mshipi uliruka chini, ukajikunjua, na nzi akashuka kando ya mzizi, mahali ambapo mimi nisingemfikisha hata kwa kumbeba. Akamvuta kidogo, akaacha, akamvuta. Nilimwona nzi wangu ndani ya yale maji, jinsi manyoya yalivyofumba na kufumbua, na nilijua kabla ya karani kujua. Maji yalibonyea. Fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini, na gurudumu la mshipi likaanza kulia.

Alikuwa kolekole, na alipigana muda mrefu. Mara mbili alielekea kwenye mizizi na mara mbili karani alimgeuza, kalamu zake mbili zikaanguka majini bila yeye kuziangalia. Mwalimu alikuwa amemshika kiunoni kwa nyuma, anamnong'oneza mpe, mpe, sasa chukua. Walipomleta ubavuni mwa mashua, mpana, wa fedha, ana hasira, mwalimu alifuta macho kwa mkono wa shati. Alisema ni jasho. Nzi wangu alikuwa ananing'inia kwenye pembe ya mdomo wa samaki, shanga za bibi harusi zinang'aa.

Kisha, kama ilivyo kanuni ya chama chetu, karani alimgeuzia kolekole kichwa upande wa maji, akamshika mkia mpaka akapata nguvu, akamwachia. Mwenye mashua, ambaye mpaka hapo alikuwa akishangilia, alishusha mikono. Aliangalia mahali samaki alipopotelea. Akatuuliza, kwa upole wa mtu anayeongea na waliofiwa, "Mna ugomvi gani na chakula?" Akageuza mashua kuelekea Msimbati.

Njia nzima ya kurudi karani alitoa hotuba. Alisema tumejionea wenyewe. Alisema samaki huyu ameishi hapa miaka yote, amepitiwa na chambo cha kila aina, lakini amekuja kufungua mdomo kwa kazi ya kigeni, kazi yenye viwango. Aliniambia, na nadhani aliniambia kwa wema, kwamba nikimwangalia yule nzi kwa makini naweza kujifunza mengi. Nilijibu kwamba nitajitahidi. Muuguzi alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na mwalimu akamuuliza kama anaumwa.

Mnajua wenyewe jinsi ninavyopenda kusifiwa; au hamjui, basi nawaambia. Yule alikuwa samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kunaswa na chama chetu, na alinaswa na kazi ya mikono yangu, na sifa zote zilikuwa zimekwenda kwa mtu wa ng'ambo ambaye nilimtunga mwenyewe. Nikisema ukweli, napoteza mchezo. Nikinyamaza, yule mgeni wa suruali anabaki kuwa fundi bora kuliko mimi. Nilikaa na jambo hilo siku kumi.

Sikulazimika kuamua. Karani alikuja dukani Jumatano akitaka nimshonee kizibao cha mifuko mingi cha uvuvi. Alikuwa amevaa kofia yake ya jua, na mbele ya kofia, kama nishani, alikuwa amemchomeka yule nzi. Mama mkwe alikuwa barazani amekaa kwenye mkeka, goti limenyooshwa, na jogoo amesimama kando yake na ile shingo yake ya aibu. Karani akamsalimia kwa adabu, akavua kofia, akaiweka kwenye kiti.

Mama mkwe aliichukua kofia ile. Aliisogeza karibu na macho. Kisha, bila haraka, akamkamata jogoo, akamlaza mapajani, akalaza kofia juu ya yale manyoya machache yaliyobaki shingoni. Mimi niliona kila kitu kupitia mlangoni, na mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani ambayo haikuwa na kitambaa.

"Baba," alimwambia karani, "jogoo wangu ulimkuta wapi?"

Karani akamweleza kwa heshima kwamba huyo si jogoo, ni nzi, na ametoka ng'ambo, mbali sana.

Mama mkwe akafikiri. Akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu chenye Kimakonde ndani yake, basi na huyu jogoo katoka ng'ambo, maana ni ndugu. Kisha akaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, jina analoniitia siku za furaha na siku za hukumu. Nilitoka nikakaa chini kwenye sakafu, siyo kwenye mkeka, nikasema yote. Nilisema mchele, nikasema alasiri, nikasema koti, shanga, suruali ambazo hazikuwahi kupunguzwa. Nilimwomba mama radhi, nikageuka nikamwomba na karani.

Karani alikitoa kile kikasha cha vifungo mfukoni. Halafu akauliza kitu kimoja tu: lebo ilikuwa inasema nini. Nikasema sijui. Muuguzi, ambaye kwa bahati mbaya yake alikuwa amepitia kuchukua gauni, akatoa simu, akaipiga picha lebo iliyokuwa bado juu ya kikasha, simu ikafasiri. Alisoma kwa ile sauti yake ya wodini: "Fua kwa mkono. Usikamue."

Hakuna aliyecheka. Hata muuguzi hakucheka, na najua ilimgharimu. Karani alichukua kofia yake, akaaga kila mmoja, akaondoka. Jumamosi ile hakuja, na iliyofuata hakuja.

Adhabu ya mama mkwe ilikuja kwanza. Hakunigombeza. Aliniambia jogoo anaona aibu kutoka nje, na mimi si fundi? Basi nikampima jogoo. Nilimshonea kola ya kitenge, pana, yenye vifungo viwili nyuma, na mama mkwe akanirudishia mara mbili kwa sababu ilikuwa inabana. Jogoo aliivaa mpaka manyoya yalipoota, akatembea nayo Rahaleo nzima, na watoto wa shule walipita mtaa wetu makusudi. Wateja waliingia kuniuliza kama nashona za watu pia. Mama mkwe aliwaelekeza mlangoni mwenyewe, na kwa kila mmoja alieleza kisa kuanzia kwenye mchele.

Kwa karani nilikwenda na mwalimu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini mwalimu aliniambia yatosha nianze na lile la kwanza. Aliongeza kwamba yeye alimtambua nzi wangu siku ileile kwa uzi wa kichwani, kwa vile nauvuta kushoto kama mtu anayefunga kifungo, na alinyamaza kwa kuwa alitaka kuona samaki atasemaje. Tulimkuta karani sebuleni. Mezani alikuwa amebana jiliwa jipya, na mbele yake kulikuwa na safu ya vitu ambavyo, Mungu anisamehe, vilifanana na mafundo ya nywele yaliyotolewa kwenye chanuo.

Nilisema neno la kwanza. Akalipokea. Kisha mwalimu akamwambia kwamba nzi alikuwa wa fundi, lakini mahali nzi aliposhukia palikuwa pake yeye, na hapo hapashonwi na mtu. Karani aliisogeza ile safu pembeni. Akavuta kiti cha pili karibu na jiliwa, akaniambia, "Nionyeshe kichwa unakifungaje kisifumuke." Nikamwonyesha. Ana vidole vya kuandikia, vinabana mno, uzi ulimkatikia mara nne, na kila ulipokatika nilishika ulimi wangu kwa nguvu. Alipomaliza mmoja anayetazamika, nilimwambia kwa nzi wa kienyeji si mbaya hata kidogo. Aliweka mkasi chini. Halafu akacheka, naye ana kicheko kizuri ambacho tulikuwa hatujawahi kukisikia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusubiri. Mwalimu alikuwa ameniambia kwa maneno. Karani alisimama nyuma yangu pale uwanjani, na kila nilipofikisha fimbo kwenye sikio alisema neno moja, bado, mpaka nikaanza kulisikia hata akiwa hayupo. Miezi kadhaa baadaye tulirudi kwenye mikoko ya Ruvuma na mwenye mashua yuleyule, na asubuhi hiyo nilirusha mshipi ukaenda nilikokuwa naangalia. Kitu kikamchukua nzi wangu. Nilipiga kelele ambayo sijivunii.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa bunju. Alikuja juu kama hataki kusumbua mtu, kisha alipoguswa akajijaza upepo mpaka akawa mpira wenye macho, akanikoromea. Muuguzi alimpiga picha akiwa na mimi, na kwenye picha hiyo haijulikani nani amevimba zaidi. Nilipotaka kuitoa ndoana, bunju akauma, na meno yake hayo makali yakakata kila kitu nilichokuwa nimekifunga jana yake kwa saa nzima, manyoya, uzi, macho na lakeri, ikabaki chuma tupu. Nikamshusha majini. Alielea kwanza, tumbo juu, anazunguka polepole. Kisha akatoa upepo wake, akawa mdogo, akazama. Nikakaa kwenye ubao wa katikati, nikabana jiliwa kwenye ukingo wa mashua, nikamwomba karani mkasi.